Tarehe Isemayo Kweli: Ukurasa wa Mtandaoni na Siku Ulipobadilishwa

Mhadhara kwa walimu, wazazi na vijana wa Visiga, Kibaha



Kila mzazi aliyekaa humu ndani anaijua fomu ya kujiunga na shule. Ina ada na michango, ina siku ya kuripoti, ina orodha ya mahitaji: godoro, ndoo, rimu ya karatasi, jembe au kwanja, sare na rangi yake. Zamani fomu hiyo ilifuatwa shuleni au ikaletwa kwa posta. Siku hizi imewekwa mtandaoni. Mzazi anaifungua kwenye simu, anaipakua, kisha anapanda gari kwenda Mlandizi au Maili Moja kununua vilivyoandikwa. Swali langu la leo ni moja: mzazi huyo atajuaje kwamba fomu aliyoipakua ni ya mwaka huu?

Mtu atajibu upesi kwamba atazame tarehe. Tarehe ipi? Iliyopaswa kuandikwa juu ya fomu huenda haipo. Inayoonekana kwenye simu yake, kando ya jina la faili, mara nyingi ni siku aliyoipakua yeye. Inayoonekana kwenye ukurasa wa tovuti, kule juu au chini kabisa, mara nyingi ni tarehe ya leo, na kesho itakuwa ya kesho. Lakini ipo tarehe nyingine, ambayo macho hayaioni, inayoweza kusafiri pamoja na ukurasa wowote unaotoka kwenye seva kuja kwenye simu. Kwa jina lake la kitaalamu inaitwa Last-Modified, yaani siku na saa kitu hicho kilipobadilishwa kwa mara ya mwisho. Ndiyo ninayotaka tuijue, tuweze kuisoma, na wale wenye tovuti mikononi tuweze kuiweka ipasavyo.

Nasema haya Visiga kwa sababu ukanda huu ni wa shule. Pale Tumbi Shirika la Elimu Kibaha lilianza mwaka 1963 kwa ushirikiano na nchi za Nordic. Hapa Visiga tuna seminari. Ukivuka kwenda Kisarawe unaikuta Minaki. Watoto wanaletwa huku kutoka kila pembe ya nchi, na wa kwetu wanapelekwa mbali. Karibu kila taarifa inayowahusu, kuanzia majina ya waliochaguliwa hadi matokeo ya mtihani, inapita mtandaoni kabla ya kufika mkononi. Umri wa taarifa hizo ni jambo la nauli, la ada, na la nafasi ya mtoto shuleni.

Tarehe hiyo inakaa wapi

Unapofungua ukurasa, kivinjari chako kinatuma ombi kwa seva, na seva inarudisha jibu. Jibu lina sehemu mbili. Ya pili ni mwili: maneno, picha, au faili la PDF lenyewe. Ya kwanza ni vichwa, mistari mifupi inayotangulia mwili na kueleza kinachokuja: ni aina gani, kina uzito gani, kimetumwa saa ngapi. Anayefanya kazi ofisini ataelewa mara moja. Barua ya serikali haianzi na maneno ya barua. Inaanza na Kumb. Na. na tarehe, na barua isiyo na viwili hivyo karani wa masjala anaitilia shaka kabla hajaisoma. Vichwa vya jibu vinafanya kazi hiyohiyo, na Last-Modified ni mmoja wa mistari hiyo. Unasomeka hivi:

Last-Modified: Tue, 14 May 2024 06:30:00 GMT

Tuusome taratibu. Siku na mwezi vimeandikwa kwa vifupisho vya Kiingereza, na vitabaki hivyo hata kama ukurasa wote ni wa Kiswahili, kwa sababu mashine zimekubaliana juu ya umbo moja tu. Ni Jumanne, tarehe 14 Mei 2024. Saa ni ya Greenwich, siyo yetu. Sisi tuko mbele kwa saa tatu mwaka mzima, kwa hiyo unaongeza tatu na kupata 9:30, ambayo kwetu Visiga ni saa tatu na nusu asubuhi. Ukurasa huu uliguswa mara ya mwisho asubuhi hiyo.

Mstari huu una umri mkubwa kuliko wengi wa vijana waliokaa hapa. Umo katika maelezo ya itifaki ya HTTP toleo la 1.0 yaliyochapishwa Mei 1996, yenye jina la Tim Berners-Lee kati ya waandishi wake. Toleo linalotumika sasa la kanuni hizo ni la Juni 2022, na mstari bado umo. Umedumu kwa sababu una kazi mbili: kumwambia mtu umri wa anachosoma, na kumwokolea bando.

Kazi ya bando

Tuitazame hii kwa karibu, maana inagusa mfuko. Tuseme fomu ya kujiunga ni PDF yenye MB 2. Mzazi ameifungua Jumatatu. Kivinjari kikaiweka akiba kwenye simu, pamoja na ile tarehe. Jumatano anaifungua tena kuhakikisha rangi ya sare. Safari hii kivinjari hakina haja ya kuiomba upya. Kinaweza kuuliza kwa mstari wa If-Modified-Since, kikirudisha tarehe ileile kiliyopewa: je, kitu hiki kimebadilika tangu siku hiyo? Kama hakijabadilika, seva inajibu kwa namba 304, bila mwili wowote. Jibu hilo ni vichwa vitupu, mamia machache ya baiti. Mzazi anaiona fomu yake kutoka kwenye akiba ya simu, na MB 2 hazijatumika.

Sasa wafikirie wazazi 500 wakiifungua mara ya pili. Seva isiyotoa tarehe wala alama nyingine ya kutambulisha toleo itatuma MB 1,000 zilezile. Seva yenye tarehe sahihi itatuma majibu mafupi tu. Mzigo wa aina hii tunauona siku Baraza la Mitihani linapotoa matokeo ya kidato cha nne, kwa kawaida mwezi Januari, nchi nzima inapofungua kurasa zilezile kwa wakati mmoja. Ukurasa wa matokeo ya shule, ukishawekwa, haubadiliki kila saa. Kuna watahiniwa ambao matokeo yao huzuiliwa kwanza na kushughulikiwa baadaye, na ukurasa ukirekebishwa kwa ajili yao, tarehe ya mabadiliko ndiyo inayoijulisha simu kwamba sasa kuna jipya la kuchukua.

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za baharini za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Siku kama ile, nakala iliyowekwa akiba karibu na msomaji ndiyo inayoweza kumfaa. Lakini nakala ya akiba bila tarehe ni hatari, kwa kuwa msomaji hajui kama anasoma tangazo la jana au la mwaka juzi.

Namna ya kuisoma

Kwenye kompyuta yenye programu ya curl, andika curl -I kisha anwani ya ukurasa, na vichwa vitajipanga mbele yako bila mwili. Kwenye kivinjari cha kompyuta, bonyeza F12, nenda sehemu ya Network, pakia ukurasa upya, gusa jina la faili, utaviona vilevile. Ukipakua faili kwa programu ya wget, yenyewe huipa faili tarehe iliyotolewa na seva, na hilo ni jambo zuri kwa mtu anayetunza nyaraka.

Njia ya tatu ni ndani ya ukurasa wenyewe, kwa JavaScript, ukiandika document.lastModified. Hapa nawaomba vijana wasikilize vizuri, maana pana mitego miwili. Wa kwanza ni mpangilio: mwezi hutangulia siku. Ukiona 05/06/2024, ni tarehe 6 Mei, wala siyo 5 Juni kama tunavyoandika sisi. Wa pili ni mkubwa zaidi. Kama seva haikutoa tarehe, kivinjari hakisemi kwamba haijulikani. Kinarudisha saa ya sasa hivi. Fundi anayeweka maandishi "Ukurasa huu ulibadilishwa" kwa njia hiyo, juu ya seva isiyotoa tarehe, anatengeneza ukurasa unaojitangaza kila siku kwamba umebadilishwa leo. Mzazi anauamini. Fomu ni ya miaka mitatu iliyopita, ada imepanda, sare imebadilishwa rangi, na ukurasa unamhakikishia kwamba kila kitu ni kipya.

Nani anaiweka

Kurasa ziko za aina mbili. Zipo zilizolala kwenye seva kama faili kamili: PDF, picha, ukurasa wa HTML ulioandikwa mara moja. Kwa hizi, seva za kawaida kama Apache na Nginx hutoa tarehe zenyewe, zikiichukua kwenye saa ya faili. Kazi ya fundi hapo ni kutoiharibu. Anaiharibu vipi? Anahamisha tovuti kwenda seva mpya, ananakili faili zote kwa siku moja, na faili zote zinapata tarehe ya siku hiyo. Tangazo la mwaka 2018 linakuwa la wiki iliyopita. Dawa ipo na ni ndogo: nakili kwa cp -p au rsync -a, ambazo hulinda saa za faili. Anayetumia Git ajue pia kwamba Git haitunzi saa hizo. Faili inayoandikwa upya wakati wa kuchukua nakala hupewa saa ya wakati huo.

Aina ya pili ni kurasa zinazotungwa papo hapo, kila zinapoombwa, kwa PHP au lugha nyingine, maneno yakitoka kwenye hifadhidata. Kwa hizi seva haiwezi kujua maneno yalibadilika lini, na kwa kawaida inakaa kimya. Anayejua ni hifadhidata, na anayepaswa kusema ni mwandishi wa programu. Kwa PHP ni mstari mmoja:

header('Last-Modified: ' . gmdate('D, d M Y H:i:s', $saa) . ' GMT');

Herufi zote hizo ni nyepesi. Uzito uko kwenye $saa. Itoke wapi? Wako wanaoweka time(), yaani sasa hivi, na programu haina malalamiko, inafanya kazi. Lakini mstari huo sasa unasema uongo kwa kila anayefungua, na akiba ya simu haina faida tena, kwa sababu kila swali linajibiwa kwamba kuna jipya. Saa sahihi ni ile iliyoandikwa kwenye hifadhidata mtu alipobadilisha maneno. Kama ukurasa una vitu kadhaa, mathalani tangazo, orodha ya majina na kalenda ya muhula, unachukua saa ya kile kilichobadilika mwisho. Baada ya hapo programu isome If-Modified-Since iliyoletwa na simu, ilinganishe, na kama hakuna jipya ijibu 304 na kunyamaza.

Na kama hakuna mahali popote panapotunza saa ya mabadiliko? Basi usiweke mstari huo. Ukimya una heshima yake: simu itaomba nakala kamili, msomaji atatafuta uthibitisho kwingine. Tarehe ya kubuni inamfunga macho.

Saa tatu zinazoleta balaa

Nimesema tuko mbele ya Greenwich kwa saa tatu. Hapo ndipo penye kosa ambalo mwandishi wa programu wa Afrika Mashariki anaweza kulifanya kwa urahisi: anachukua saa ya Dar es Salaam na kuibandika neno GMT. Tazameni matokeo yake. Tangazo la siku ya kuripoti linawekwa saa tatu asubuhi. Kwa Greenwich ni 06:00, lakini programu inaandika 09:00 GMT. Wazazi wanalifungua, na simu zao zinaitunza hiyo 09:00. Saa nne asubuhi inagundulika kwamba siku ya kuripoti imekosewa. Maneno yanasahihishwa, na saa nayo inasahihishwa: sasa ni 07:00 GMT, ambayo ni kweli. Mzazi anafungua tena. Simu inauliza: kuna mabadiliko tangu 09:00? Seva inayolinganisha kipi kilitangulia inaona 07:00 ni ya nyuma, inajibu 304. Mzazi anabaki na siku isiyo sahihi, na kila mashine njiani imefanya kazi yake sawasawa.

Kanuni zenyewe zinakataza hili. Seva haitakiwi kutoa tarehe ya mabadiliko iliyo mbele ya saa yake yenyewe wakati inajibu. Kwa hiyo mwandishi wa programu atumie gmdate, asitumie date, na aiambie programu wazi kwamba saa za hifadhidata ni za Africa/Dar_es_Salaam, ili ugeuzaji ufanyike mara moja na mahali pamoja.

Msomaji naye akumbuke mpaka wa usiku. Tangazo lililobadilishwa saa saba usiku wa kuamkia Jumatano, tarehe 15 Mei, litaonyesha 22:00 GMT ya Jumanne, tarehe 14. Kama mwisho wa maombi ulikuwa tarehe 14, tofauti hiyo inaweza kumfanya mtu aamini kwamba tangazo liliongezwa maneno kabla ya muda kwisha, wakati liliongezwa baada yake.

Tarehe peke yake haitoshi

Mwanafunzi makini ataniuliza: kama tarehe ni sahihi, mambo yote yamekwisha? Hapana. Kwanza, saa hii haishuki chini ya sekunde moja, na ukurasa unaobadilika mara mbili ndani ya sekunde hiyo unahitaji alama nyingine iitwayo ETag, inayotambulisha toleo lenyewe badala ya saa yake. Kwa shule na ofisi ya kata, sekunde moja inatosha kabisa.

Pili, na hili ni la muhimu zaidi, kivinjari kinaweza kukisia. Seva isipoeleza kwa mstari wa Cache-Control nakala itumike kwa muda gani kabla ya kuuliza tena, kivinjari kinaruhusiwa kukadiria, na kadirio linalotajwa kwenye kanuni ni sehemu moja ya kumi ya muda uliopita tangu mabadiliko ya mwisho. Ukurasa wa ada uliokaa siku 100 bila kuguswa unaweza kuchukuliwa kuwa mzima kwa siku 10 nyingine, bila swali lolote kwa seva. Ukibadilisha ada leo, aliyeufungua jana anaweza kuendelea kuiona ya zamani. Kwa hiyo ukurasa wa ada, wa siku ya kuripoti, au wa tahadhari ya mvua upewe Cache-Control: no-cache. Maana yake ni kwamba simu iweke akiba, lakini iulize kila mara kabla ya kuitumia. Hapo tarehe na no-cache vinafanya kazi pamoja: swali ni jepesi, jibu ni la kweli.

Tatu, tarehe ya seva haifiki kila mahali. Tangazo likipigwa picha na kurushwa kwenye kundi la WhatsApp, vichwa vyote vimebaki nyuma. Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikuwa kikikaribia pwani yetu, na Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa ikitoa taarifa zilizobadilika kadiri kimbunga kilivyosogea, hadi kilipopungua nguvu karibu na Mafia. Taarifa ya namna ile ikikatwa tarehe yake inaweza kuzunguka na kumtisha mvuvi wiki moja baada ya bahari kutulia, au kumtuliza wakati upepo mwingine unakuja. Ndiyo maana nasisitiza tarehe iandikwe mara mbili: kwenye vichwa kwa ajili ya mashine, na ndani ya maneno yenyewe kwa ajili ya mtu, zote zikitoka kwenye chanzo kimoja ili zisipingane.

Uongo wa tarehe una gharama hata kwa anayeufanya. Wako wanaobadilisha tarehe za kurasa zao kila siku ili mitambo ya kutafuta izione mpya. Mwaka 2023 Google ilieleza kwamba tarehe za mabadiliko zilizo kwenye ramani ya tovuti (sitemap) inazitumia pale tu zinapokuwa sahihi mfululizo na zinapoweza kuhakikiwa. Tarehe za tovuti iliyozoea kudanganya hupuuzwa hata siku zinaposema kweli.

Tufanye nini

Bunge letu lilipitisha Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa mwaka 2016. Kwa maoni yangu, haki hiyo haijatimia mtu akipewa taarifa bila kuambiwa ina umri gani. Ada bila tarehe, ratiba bila tarehe, orodha ya majina bila tarehe, vyote vinamwachia mwananchi kazi ya kubahatisha, na anayebahatisha vibaya zaidi ni yule asiye na nauli ya kwenda ofisini kuuliza.

Kwa hiyo, mwalimu unayesimamia tovuti ya shule: faili ya fomu ibebe mwaka kwenye jina lake, ukurasa wa kwanza wa fomu uwe na tarehe, na fundi aulizwe swali moja kabla hajalipwa, nalo ni saa ya mabadiliko inatoka wapi. Mzazi: ukikuta tarehe ya leo kwenye kila ukurasa wa tovuti ileile, usiihesabu kuwa ushahidi. Piga simu shuleni kabla ya kununua. Nanyi vijana mnaojifunza kompyuta hapa Visiga, anzeni na shule zenu wenyewe. Jioni ya leo ombeni vichwa vya ukurasa mmoja, ongezeni saa tatu, linganisheni na siku ambayo mnajua ukurasa ule ulibadilishwa kweli. Zikiwiana, mwambieni mwalimu kwamba kazi yake ni safi. Zisipowiana, mwandikieni, mwelezeni kosa liko wapi na mstari gani utalisahihisha, na barua hiyo iwe na tarehe.